Zambarau Kidoleni mwa Mercy

Katumba Songwe, Kyela
19 Oktoba 1997

Mpendwa Dada Anyes,

Ndaga fijo kwa barua yako na kwa sabuni. Naomba wewe na shemeji Abrahamu muwe wazima hapo Karonga. Sisi huku hatujambo. Kakao zinaanza kuiva, na mama mkwe bado analalamikia magoti. Mimi mwili mzima, ila usingizi umenihama tangu Ambrose, mvushaji wetu wa mtumbwi, aliponiletea barua yako juzi.

Umeandika kwamba mwanao Mercy, niliyekuwa nakulelea tangu ulipomwachisha ziwa, ana homa na anavuta mguu wa kushoto. Halafu ukasema unamshukuru Mungu kwamba ulisisitiza apate matone ya polio kabla hajavuka mto Songwe kurudi kwako, kwa kuwa mwezi ujao mnasafiri naye Lusaka. Kwa hiyo, ukaandika, mguu huo utakuwa uchovu wa njia tu. Ukanishukuru na mimi kwa jina. Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ngoja nikueleze siku ile ilivyokuwa. Matone yalitolewa uwanjani kwa baba mkwe, maana ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Aliwekewa kiti pembeni ya muuguzi, akawa anaita watoto mmoja mmoja kwa sauti yake ile. Unajua kwa mila ya huku mimi na baba mkwe haturuhusiwi kuonana. Nikisikia tu kikohozi chake njiani, najitosa migombani na kikapu changu kichwani. Wewe hunicheka, ukisema huko mjini unakula meza moja na mkweo na hakuna aliyekufa. Haya, cheka, lakini mimi nimeolewa huku.

Mume wangu Asajile alikuwa Mbeya na magunia ya mchele. Mama mkwe alikuwa msibani Busale. Jirani yangu Veronika alishawapeleka wanawe mapema, na nilipomwomba arudi na Mercy akasema ameloweka nguo, nimpeleke mwenyewe, mzee hang'ati. Nikanuna. Nikajibanza nyuma ya choo na mtoto mgongoni, nikingoja mzee ainuke, wala sikufikiri kwamba akiinuka huenda anakuja huko huko chooni. Hakuinuka. Muuguzi alifunga kisanduku chake cha barafu, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Ile alama ya zambarau wanayopakwa waliopata matone, uliyoiona kidoleni mwa Mercy, siyo ya muuguzi. Niliipaka mimi, kwa dawa ya vidonda vya mdomo iliyokuwa imebaki kichupani. Kesho yake Ambrose alikuwa anamvusha, nami niliona haya kukuambia nimeshindwa kwa ajili ya mkwe, usije ukanicheka tena. Mercy hakupata hata tone moja. Nimekudanganya kwa kidole cha mtoto wako mwenyewe, na yeye alikuwa ananyoosha kidole huku anacheka, anadhani tunacheza.

Nakusihi, ukifika hapa iweke barua chini, umpeleke hospitali leo hii, uwaambie waziwazi hajapata matone. Lusaka iacheni kwanza. Nimemwapisha Ambrose asipite popote kabla ya kufika kwako.

Jana nilimweleza mama mkwe yote, naye akamfikishia mzee ndani. Nilidhani atafoka. Alimtuma mama aje aniambie kwamba lau ningepeleka neno, angeinuka akakae shambani mpaka mtoto apate matone yake. Basi, Dada. Neno tu.

Msalimie shemeji, ukipata ujasiri wa kumwambia. Mercy mbebe, usimwache atembee. Nikipata nauli nitavuka nije kukuuguzia, usiponifukuza mlangoni, maana sasa wewe ndiye ninayeogopa kuonana naye.

Mdogo wako,
Tulinagwe