Tatu Badala ya Sita

Jumatatu, 3 Machi
Ndani ya tangi tangu asubuhi. Nachomelea mshono wa chini, jasho linaingia machoni, kila pigo la nyundo linanirudia masikioni mara tatu. Fundi mwingine angelalamika. Mimi nina mke! Wiki ya tano leo. Nikitoa kichwa kwenye mlango wa tangi namwona Kemunto ofisini kwa baba mdogo, mwenye karakana hii, kalamu nyweleni, kompyuta mbele yake, naye anakagua tangi hili hili. Hesabu ni zake, sahihi itakuwa yake. Ogembo nzima hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi.

Jumanne, 4 Machi
Baada ya chai nilimuuliza anafanya nini hasa. Mimi niliishia kidato cha nne, yeye ni mhandisi, lakini hachoki nami. Akakunja mkono wa shati langu, akanichora viraba kwenye ngozi. Ukuta wa tangi ni mwembamba mno ukilinganisha na upana wake, alisema. Ukiujenga mzima kwenye kompyuta, na unene wake wote, mashine inakwama. Kwa hiyo anachora ngozi tu, isiyo na unene, anaigawa viraba. Anaviita elementi za ganda. Unene anauandika pembeni, namba moja. Kompyuta inaamini.

"Nimeandika milimita sita. Si ndizo mlizokata?"

Nikasema ndiyo. Viraba sijavifuta. Navitazama kama barua.

Jumatano, 5 Machi
Niandike ukweli hapa kwa sababu sina pengine. Si sita. Ni tatu. Wiki ile ya kwanza baada ya harusi, baba mdogo alileta bati za milimita tatu kwa mzunguko wa chini wa ukuta. Za sita zimechelewa, alisema, na ile shule ya kule Sironga iliyoagiza tangi inataka maji.

"Chuma ni chuma, bwana arusi. Kata, ufunge mdomo."

Nikakata. Yeye ndiye aliyenilea tangu baba afariki. Karakana nyingine sina. Na jana nilimdanganya mke wangu akiwa ameshika mkono wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimenaswa. Nikisema, nafukuzwa. Nikinyamaza, kesho Kemunto anasaini uongo, Jumamosi tangi linapelekwa shuleni na kujazwa maji, na wanafunzi watapanga ndoo chini ya tangi.

Amepika chinsaga kwa maziwa, vile mboga hiyo inavyopikwa kwetu. Nikarudisha sahani imejaa. Akanipima homa kwa shavu lake. Nampenda mpaka naumwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nilimwambia. Asubuhi, karatasi iko mezani, kalamu iko mkononi mwake. Hakupiga kelele. Alifuta sita kwenye kompyuta, akaandika tatu, tukasubiri. Pale miguu ya tangi inaposhika ukuta palikuwa kijani. Pakawa pekundu. Kisha ukuta wenyewe ukabonyea kwenye kioo kama kopo lililokanyagwa. Akaeleza kwa sauti ndogo: unene ukiwa nusu, ukuta unaopindwa unaumia mara nne. Sikujua. Nilidhani mara mbili.

Akauliza nimejua kwa muda gani. Karibu mwezi, nikasema. Yaani karibu ndoa nzima.

Aliingia kwa baba mdogo peke yake. Nilisikia kila kitu.

"Baba, nisamehe, lakini sisaini."

"Bibi arusi wa juzi anifundishe chuma! Nani amekuambia ni tatu?"

Hakunitaja. Nikaingia mwenyewe, nikasema ni mimi. Baba mdogo akaniita omoisia, kavulana ambako hakajatahiriwa, mafundi wote wakisikia. Mwanamume mwenye mke. Kemunto hakunitazama.

Jumatano, 12 Machi
Sikufukuzwa. Baba mdogo hanisemeshi, basi. Maji hayakujazwa. Bati za sita zilifika Jumamosi, na mzunguko wa chini nimeukata wote na kuchomelea mpya, siku nne, humo humo ndani, peke yangu.

Leo Kemunto alikuja na kifaa chake cha kupimia unene, akainama mlangoni mwa tangi. Nikamwambia nimeshapima, ni sita zote.

"Sawa, mpenzi," akasema.

Kisha akapima mwenyewe, bati moja baada ya nyingine. Nikamshikia taa.