Mlalamishi na Mguu wa Meza

Jumapili, 3 Machi

Niwie radhi, daftari. Miezi minne kimya. Nina mtoto – na huyu wangu anajua saa hasa ninayoshika kalamu.

Leo mume wangu kanitafutia kwenye simu ule wimbo wa Mlalamishi. Ndivyo marehemu baba alivyomwita mpiga saksafoni wake wa jazi. Jazi ya majonzi, kama mtu aliyekataliwa posa mara tatu nyumba moja. Mama alikuwa akiuliza, mtu mzima analia hivyo, hana ndugu? Baba anazidi kukanyaga cherehani, mguu unafuata ngoma, mshono unakwenda kombo. Wateja walivaa jazi bila kujua.

Nikasikiliza. Wameuharibu! Unapita laini moja kwa moja. Wa kwetu hukwama katikati – saksafoni inarudia kilio kilekile mara tatu, baba anaupiga mguu wa meza ya gramafoni teke, du!, ndipo unaendelea. Mume wangu kacheka hadi machozi. Eti miaka yote nilidhani teke ni sehemu ya wimbo? Nikamwambia nilijua santuri ina mkwaruzo.

Sikujua.

Mtoto naye hajui wimbo mwingine. Mimi humwimbia na kukwama kwake na teke lake, analala. Wa simu ulipopita mahali pa teke bila teke, akaangua kilio. Damu ya babu yake.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia kaka, kinyozi. Santuri anayo yeye. Tulipogawana vitu vya baba nilikuwa na mimba ya kutapika, sikuweza kubeba hata kijiko. Kasema nisihofu, imepata kazi. Anaifanya saa ya ukutani pale saluni. Mishale miwili, namba za dhahabu. Fundi anakuja Jumamosi mchana kutoboa matundu kumi na mawili. Tundu la kati inalo tayari – ameona hiyo ni ishara.

Nikamwambia ni ya kusikilizwa, na kuna mjukuu wa kuisikiliza.

"Imekwaruzika, dada. Baba mwenyewe aliipigia mateke."

Na huyu ndiye watu wanamkabidhi vichwa vyao.

Ijumaa, 8 Machi

Kaka hapokei simu. Kapokea wifi, kwa kunong'ona. Kesho asubuhi kuna basi la kuja huku. Santuri ingali nyumbani kwao; atafunga mzigo kabla fundi hajafika, kaka akiwa saluni. Ila niandike hasa ninachotaka, asije akavunja ndoa kwa kitu kisicho chenyewe. Mtoto yuko mgongoni, ananivuta nywele. Haya, wifi:

Santuri ya Mlalamishi, ile yenye alama ya chaki ya baba katikati. Usiifute.

Jalada lake, hata kama panya wameonja.

Gramafoni na sindano yake.

Na meza yake, wifi, usinicheke. Ina mguu mmoja uliopinda. Kaka asije akaunyoosha.