Ridhaa Uliyonipa Mbele ya Darasa

Mwanangu Somoe,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mwandiko wangu unaujua. Ulikuwa ukiucheka, unasema herufi zangu zimelala kama wagonjwa wodini. Ujumbe wa sauti nisingethubutu kukutumia. Wewe na mie tumeshajua sauti ni kitu gani siku hizi.

Nasikia huko Newala kwa bibi yako hujapata shule. Wenzako wa kidato cha tatu wananiuliza, "Madam, Somoe anarudi lini?" Nawakemea wafungue madaftari.

Unaikumbuka ile Ijumaa? Kipindi cha klabu ya kompyuta, feni mbovu, nyie arobaini mmebanana kwenye chumba cha watu ishirini. Niliandika ubaoni neno RIDHAA, nikalipigia mstari mara mbili. Nikasema picha yako ni yako, sauti yako ni yako, mtu asiichukue bila kukuuliza. Mkaitika wote, "Ndiyo, madam!" Kisha nikataka kuwaonyesha jinsi akili mnemba inavyomwiga mtu. Nikakuita wewe, msomaji wangu bora, mwenye kithembe ambacho hakikuwahi kukuzuia kunyoosha mkono.

"Somoe, unaniruhusu nirekodi sauti yako?"

Uliangalia chini. Ukafuta viganja kwenye sketi. Ndipo ukasema, "Ndiyo, madam."

Kimya chako kile nilikiona, mwanangu. Nilikiona nikakipita. Wewe mtoto uliyelelewa kwa heshima, shikamoo yako inatangulia kabla hujafika, ungeniambiaje hapana mbele ya watu arobaini? Nafundisha ridhaa, na papo hapo nakupokonya ya kwako. Mwalimu gani huyo!

Ukasoma ukurasa mzima. Nikaiingiza sauti yako kwenye programu, ikatamka salamu ambazo hukuwahi kuzitamka, darasa likalipuka kwa kelele. Na wewe ulicheka, mkono mdomoni. Ningeishia hapo. Lakini kimbelembele changu, nikaitupia rekodi kwenye grupu la darasa ili wakajaribu nyumbani.

Jumatano klipu ikazagaa. Sauti yako inasema: "Baba yangu mchonga vinyago tu, mshamba, namwonea aibu. Mie watu nawaambiaga alishakufa." Wachongaji wenzake pale Mwenge walimsikilizisha akiwa na patasi mkononi, wengine wanacheka. Uliapa kwa Msahafu kwamba si wewe. Mkuu wa shule akamwandikia baba yako barua kwamba klipu ni ya kutengenezwa, naye akasema barua ni ya kukufichia aibu. Uliniambia mwenyewe alivyokujibu: "Sauti ya mwanangu mie siijui? Hata kithembe chake kimo." Jumapili ukapandishwa basi la kusini.

Sasa nikwambie nililokuficha. Kamati ya nidhamu iliponiuliza wale wavulana wawili wa darasa lenu, waliobainika kuitengeneza klipu, sauti yako waliipata wapi, nilijibu, "Sijui. Vijana wa siku hizi wana mambo." Nimekaa hivyo, simu mapajani, rekodi imo ndani. Nilikihofia kibarua changu. Wavulana walisimamishwa wiki mbili, wamesharudi, wanacheza mpira uwanjani. Aliyepotea ni wewe. Najichukia, Somoe. Kila nikishika chaki nauona mkono wako uliokuwa ukinyooka wa kwanza.

Wiki iliyopita nilikwenda Mwenge. Nilimkuta baba yako anapiga msasa kinyago, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Nikamweleza yote, bila kupunguza. Nikamwekea ile klipu ya uongo, kisha rekodi yako ya kweli ya darasani. Nilidhani mzazi atasikia tofauti.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Hii ya pili ndiyo yeye?"

"Ndiyo, baba Somoe."

"Na ile ya kwanza siye?"

"Siye."

Akaniomba nirudie zote mbili. Nikarudia. Akanitazama bila hasira, na afadhali angenifokea.

"Mwalimu, jana kanipigia mtoto, analia, 'Baba nisamehe.' Nikakata simu. Sasa niambie wewe uliyesoma. Nitajuaje kama ni yeye?"

Nilimwambia aende Newala akakutazame usoni. Aliokota msasa wake.

Kwa hiyo kumbe unaomba msamaha, mwanangu, kwa maneno ambayo hukuyasema. Umefundishwa kuitikia tu, na mmoja wa waliokufundisha ni mie. Maji yamemwagika, hayazoleki. Kamati nimeshaiandikia ukweli, Jumatatu nitaitwa. Wakinifukuza, ni haki yao.

Kabla sijaondoka nataka niisome barua hii mbele ya darasa lako, neno kwa neno, wajue lile neno la ubaoni lilivyokanyagwa na aliyeliandika. Lakini haya ni maisha yako, kwa hiyo nakuomba ruhusa. Nimekuwekea ndani karatasi na bahasha yenye stempu. Hakuna anayekutazama safari hii. Kama hutaki, niandikie "sitaki", basi, wala usinieleze kwa nini.

Ila nakusihi, Somoe, chochote utakachoandika, kisiwe "ndiyo, madam".

Msalimie bibi. Mwambie shikamoo yangu naileta kwa aibu.

Mimi,
Madam wako, niliyekuuliza huku nimeshabonyeza kurekodi