Pikipiki Iliyomwagwa Oil

Mbotela, Nairobi
Jumamosi jioni

Mama Kioko mpenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe na watoto. Mimi ni mzima, ukiacha kiwiko cha kushoto ambacho nitakueleza. Kifua cha Kioko kimepoa? Mvua imefika huko Mwala, au bado mnaitazama ikipita kwa majirani? Mbaazi ulizomkabidhi dereva wa basi nilizipata, na tangu zifike watu wa ploti hii wamenipenda ghafla.

Leo nina hasira, na hapa sina wa kumweleza, kwa hivyo nivumilie.

Ile pikipiki ya kazini ninayopelekea mishumaa madukani ilikuwa inakaribia kilomita elfu ishirini. Unajua ninavyoitunza. Kila mara nilimkumbusha meneja wetu kwamba ikifika hapo lazima iende gereji: oil mpya, plagi, cheni, breki, valvu zipimwe. Yeye hujibu, "Si bado inatembea?" Kana kwamba mtu hupelekwa hospitali akishakufa.

Ilipofika, akaona gereji ni hasara. Tuna fundi mgeni pale kiwandani Baba Dogo, anaitwa Mbwana, mtu wa Kwale, aliyeajiriwa kutengeneza mashine za kuyeyushia nta. Ni mpole, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka wenzetu humcheka. Nikiwa nimesimama hapo hapo, meneja alimpigia kelele kutoka mlangoni: "Wewe fundi, mwaga oil ya hiyo piki, kaza cheni, itoke saa hii. Komarock wananingoja."

Sasa, sisi wa Eastlands tukisema mwaga oil, maana yake ni toa ya zamani utie mpya. Lakini mtu wa Kwale angejuaje? Mbwana alifungua nati ya chini, akakinga karai, oil ikatoka yote, akafunga. Oil mpya iko stoo, na ufunguo wa stoo haubanduki kiunoni mwa meneja. Akadhani mwenye ufunguo atakuja kutia mwenyewe, akarudi kwenye mashine zake.

Nami nikarudi na masanduku yangu ya mishumaa. Nikamuuliza, "Mbwana, umemwaga oil?"

"Nimemwaga, kaka."

"Poa." Nikaondoka.

Mama Kioko, nilipokuwa barabara ya Kangundo, karibu nifike Komarock, injini ilianza kugonga, kisha ikakwama kabisa. Tairi la nyuma likafunga, nikaburuzwa hadi kwenye majani. Lori lililokuwa nyuma yangu lilinikosa kwa sababu dereva alikuwa macho, si kwa ujanja wangu. Mishumaa ilitapakaa barabarani. Watu walinisaidia kuiokota, na mingine wakaenda nayo kwao.

Mbwana alipoulizwa, hakuzunguka. "Miye niliambiwa mwaga, nikamwaga. Sikuambiwa tia." Kiwanda kizima kilicheka. Hata mimi na kiwiko changu nilicheka, nikadhani yameisha.

Kumbe meneja ana cheo cha kulinda. Amemwambia mwenye kiwanda kwamba alimpa Mbwana mkebe wa oil mpya, na Mbwana akaenda kuuuza. Mtu ambaye hata njia ya kwenda sokoni huelekezwa, amuuzie nani? Meneja alitoa amri tu pale mlangoni, mkebe hakutoa. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Mbwana amesimamishwa kazi, na Jumatatu mwenye kiwanda atatusikiliza. Akikosa shahidi, ataitiwa polisi kama mwizi.

Jana meneja alinivuta kando. "Baba Kioko, sema tu hukuwa karibu. Wewe uko na watoto. Huyu ni mtu wa kuja, atarudi kwao. Nitakupea piki mpya." Alisema hivyo huku akinipigapiga begani, bega la mkono huu huu wenye jeraha. Nikauondoa mkono wake. Wazee walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu anataka kumnyonga mtu na haki pia amnyang'anye, halafu mimi nishike kamba.

Sikufichi, ninaogopa. Kazi hii ndiyo inayowalisha. Nimejaribu kujiambia hayanihusu, nikaishia kushika kalamu hii.

Nisalimie mama mkwe na shemeji mchonga vinyago. Mchungaji wetu mwambie aniombee, sababu usimpe. Wapakate watoto kwa niaba yangu.

Barua hii itakufikia katikati ya wiki, nami Jumatatu nitakuwa nimeshasema. Kwa hivyo usiniandikie kunishauri ninyamaze. Na ukiniona naingia uani siku ya kazi, mchana, na begi langu mkononi, usiniulize kitu mbele ya watoto. Niwekee tu maji ya kuoga.

Ni mimi mumeo,
Baba Kioko