Dada, Nimetaja Jina Lako Ustawi

Chumba namba nne,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi, tena nyingi sana. Hujambo? Mgongo umeachia? Shemeji na watoto wazima? Huku mwanangu mkubwa hajambo, meno ya mbele yameng'oka yote mawili, akicheka anaziba mdomo. Mdogo wake Kibonge hajambo, yeye ni kula tu. Mama mwenye nyumba hajambo, na mdomo wake ni ule ule. Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia, ndiyo maana mwandiko unatetemeka. Usidhani ni yale mambo.

Dada, madawa ya kulevya nimeacha, huu ni mwezi wa saba sijagusa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa dobi kupiga pasi, napita kliniki na Kibonge, tunapanga foleni. Nesi ananipa dawa ya maji ya kukata ile hamu, kwenye kikombe. Nikishameza ananiambia nitaje jina langu, ajue sijaificha mdomoni nikaiuze.

Sasa Kibonge kaenda shule ya awali, kawapanga wenzake foleni. Kawapa maji kwa kifuniko cha chupa. "Meza. Haya, sema jina lako. Wewe mjanja, hebu panua mdomo." Mwalimu alicheka, kisha akamuuliza kajifunza wapi. Mtoto hajui kuficha, akasema kwa mama.

Ijumaa akaja mama wa ustawi wa jamii, mwalimu kampa taarifa. Kafunua mpaka sufuria. Nikamwambia ile ni tiba. Akasema, "Mama, wote mnasema hivyo." Mkubwa kasikia. Tangu hapo analala na sare ya shule, anasema wakija kumchukua wamkute kavaa.

Jumatatu wanakaa kikao. Wanataka ndugu wa kuweka sahihi kwamba nikiyarudia madawa atawachukua watoto yeye. Asipopatikana, wanapelekwa kwenye makao ya watoto siku hiyo hiyo. Nimetaja jina lako bila kukuuliza. Nisamehe. Najua niliuza cherehani yako, ukanifukuza, na haki ulikuwa nayo. Sikuombi uniamini mimi. Zipo siku nikitoka kazini miguu inataka kukata kona yenyewe, nami naogopa.

Msalimie shemeji, mjomba fundi saa, na bibi umwambie namkumbuka. Mungu awafunike nyote.

Barua hii naituma kwa dereva wa lori la magodoro, anarudi huku Jumamosi. Tafadhali mpe jibu. Hata kama ni hapana, liandike, nipate siku moja ya kuwaandaa watoto.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, nikupendaye.