Jivu la Mawe ya Mafuta na Kisima cha Akiru

Jumatatu, 2 Februari 1976
Matofali 84 leo. Saruji debe moja, jivu manne, mchanga mawili. Jivu ni la wazungu waliokuja kuchoma mawe ya mafuta hapa nje ya Kakuma. Wakapata mafuta kidogo, wakaenda zao. Lundo wakatuachia. Hakuna aliyetuuliza. Basi nimeligeuza kazi. Nilianza na kalibu moja ya mbao. Sasa ninazo sita. Zahanati inataka matofali 2,300.

Jumatano, 4 Februari
Matofali ya wiki jana yamevimba. 31 kati ya 90 yamepasuka. Jivu lina ukali, limemla Lokwang, fundi wangu, ngozi ya vidole. Saruji siwezi kuongeza, yatoka Lodwar kwa lori. Nitaliosha jivu. Maji yako kwenye mchanga wa mto mkavu, kwa hiyo tutalipeleka huko. Kubeba maji mpaka kiwanjani ni safari nyingi mno.

Ijumaa, 6 Februari
Tumeosha madebe 120. Maji yatoka ya kijivu, yateleza kama sabuni, yanuka yai bovu. Yazama mchangani papo hapo. Hakuna uchafu unaoonekana. Kazi safi.

Jumatatu, 9 Februari
Matofali mapya hayana ufa. Akiru amekuja. Kisima chake kiko chini kidogo ya tunapooshea. Hakunisalimu hata ejok.
"Mama Tofali, mbuzi yangu inakataa maji. Ile imekunywa, mdomo imetoka malengelenge."
Nikamwambia ni wazungu, akawaulize.
"Mzungu iko wapi? Mimi naona wewe."
Watu wakacheka. Nina hasira mpaka sasa.

Jumanne, 10 Februari
Nimepima. Hatua 70 toka tunapooshea mpaka kisimani. Nimeonja maji yake: machungu, ulimi ukawaka. Kisima cha jirani, kule juu ya mto: matamu. Lundo limekaa mwaka mzima mbali na mto na kisima hakikuharibika. Aliyelipeleka mtoni ni mimi. Kuliacha wazi bila kifuniko, hilo ni lao. Hili ni langu. Sijamwambia mtu. Nimesimamisha kuosha, nikasema madebe yametoboka.

Alhamisi, 12 Februari
Mbuzi wawili wamekufa. Akiru amefunga kisima kwa miiba. Hapa kisima kina mwenyewe, aliyekichimba na ukoo wake. Sasa anaomba kwa wengine, anangoja mpaka mifugo yao ishibe. Mbuzi 46, watoto watano, jua hili.

Nimekwenda. Nimesema ni mimi.
"Najua. Nilikuwa nangoja mdomo yako."
Nitamchimbia kingine, juu ya mto. Kwa mikono yangu, si ya Lokwang. Hivyo ndivyo alivyotaka.

Jumatatu, 16 Februari
Futi 9. Mchanga unaporomoka, nachimba upya kilichokwisha chimbwa. Ndugu zake wanakaa ukingoni kunihesabia makosa. Viganja vimechubuka. Zahanati wanalalamika. Walalamike.

Lokwang amejenga tangi kiwanjani, saruji chini, saruji pembeni. Jivu litaoshewa humo, na maji yake yatabaki humo mpaka jua liyakaushe. Hayatamwagwa tena. Jambo rahisi hivyo. Nilikwepa safari za maji tu.

Lundo lenyewe bado. Nimekadiria malori 60. Kwa kasi yangu ni miaka minne. Mvua haitangoja miaka minne. Nimeanza kulizungushia mtaro.

Alhamisi, 19 Februari
Maji yametokea futi 14.

Akiru alijaza kibuyu, akanipa mimi. Nikanywa chote. Wengine hawakugusa. Tukakaa kwenye kivuli cha ukingo, wao wananitazama, mbuzi wanalia. Jua likapita utosini. Tumbo halikuniuma.

Akiru akainuka, akashuka kisimani, akaanza kujaza kihori cha mbuzi.