Daktari Asiyegusa Mgonjwa

Jumatano, 2 Julai

Nimemuosha Cucu, nyanya yangu, nimemlisha uji, nimemgeuza, nimefua shuka. Majirani bado wanatafuta viatu. Hapa Kianjokoma nani kama mimi? Form Two niliiachia njiani, lakini hii kazi mwenye digrii angelia siku ya kwanza.

Leo Mama Wanja, yule mhudumu wa afya wa kijiji, ameleta mgeni. Dkt. Kanana. Anafundisha uuguzi chuo kikuu, Embu mjini. Mmeru. Kiembu chake kinachechemea lakini kinafika. Utafiti wake ni wa wagonjwa wa kiharusi, jinsi familia zinavyowatunza nyumbani. Cucu alipigwa na hicho kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia haufanyi kazi. Mdomo unafanya. Sana.

Daktari akauliza nani humuosha. Cucu: "Si ni bwana yangu huyu." Daktari akacheka, ni mtu wa hii milima, anaelewa. Mimi ni Njiru, jina la babu, kwa hivyo mimi ndiye mume wa Cucu kwa utani wa kwetu. Anko Nyaga ndiye mtoto wake wa kumzaa lakini hawezi kumuona mamake uchi. Mwiko. Mimi naweza. Baba alikufa, mama akaolewa Karurumo, Anko yuko Meru na duka lake la nguo. Tumebaki mimi, Cucu na majani chai. Nilimweleza Daktari yote hayo, tena kwa madoido. Akaandika. Akasema nafanya kazi kubwa. Najua.

Ila kuna kitu. Nilimwomba anishikie Cucu kidogo nimsogeze juu ya mto. Akakataa. "Njiru, mimi hapa sigusi. Naangalia tu."

Muuguzi gani hagusi mgonjwa?

Ijumaa, 4 Julai

Nimekumbuka. Cucu aliweka kidole gumba kwenye karatasi ya yule Daktari. Wino na kila kitu. Na mimi nikaandika jina chini yake bila kusoma. Alikuwa ameeleza weee, mimi nikawa namwangalia viatu. Viatu vizuri.

Kidole gumba. Hapa kwetu kidole gumba ni mambo ya kuuza shamba.

Jumatatu, 7 Julai

Kumepiga baridi ya Julai, ukungu mpaka mlangoni. Nimepeleka majani senta ya kununua chai. Mama Wanja alikuwa kwa kioski anasema kwa sauti kwamba Dkt. Kanana anatafuta uprofesa. Akimaliza huu utafiti, wanampandisha. Kioski yote ikageuka kuniangalia mimi, kijana wa kupandiwa. Mmoja akasema Cucu amekuwa ngazi. Nikacheka nao. Sikufurahi.

Jumatano, 9 Julai

Amerudi. Ameweka kinasa sauti mezani, kidogo kama kiberiti. Cucu akakisalimia.

Maswali ya leo ni ya polisi. Nani huamua mambo kwenye hii nyumba. Nani hulipia dawa. Nani mwingine wa familia, yuko wapi, huja lini. Shamba ni la nani hakuuliza. Wajanja hawaulizi moja kwa moja.

Nikamwonyesha uvumbuzi wangu ili ajue hajafika kwa mjinga. Chini ya shuka ya Cucu nimetandika ile nailoni tunayojifunga tukichuna chai. Mkojo haufiki kwa godoro hata tone. Kianjokoma nzima hakuna aliyefikiria hivyo. Nilingoja sifa. Akaandika muda mrefu. Halafu, bila kuinua kichwa, "Na ngozi yake iko vipi?"

"Kama ya mtoto," nikasema.

Uongo. Kuna mahali kwa nyonga ya kulia. Palianza kuwa pekundu, sasa si pekundu tena, pamefunguka. Ni padogo. Napaka yale mafuta ya chuchu za ng'ombe. Ng'ombe hupona.

Alipotoka akasimama mlangoni akavuta hewa puani mara mbili. Nikamwambia ni panya amekufa kwa dari. Hatuna dari.

Jumamosi, 12 Julai

Sasa nimeshika mambo.

Nilienda Kianjokoma sokoni kutafuta nduma. Ndani ya hoteli iliyo karibu na bucha, namwona Daktari. Anakunywa chai. Anakunywa na nani? Anko Nyaga! Yule anayesema Meru ni mbali, duka haliwezi kubaki peke yake. Kinasa sauti katikati yao, karibu na mandazi. Nikasimama nyuma ya magunia ya kabeji. Anko anaongea na mikono. Daktari anatikisa kichwa. Mmeru wa kuzaliwa na Mmeru wa biashara. Na kidole gumba tayari.

Anko alifika nyumbani mchana na mkate na kilo ya sukari. Unajua alianza wapi? Kwa majani chai. Akatembea mistari yote kwanza, akishika majani kama anapima kitambaa, ndipo akaingia kumsalimia mamake. Akaniita nje.

"Njiru, mzigo umekuwa mkubwa. Mama aende Meru tumkalishe na sisi."

"Mzigo gani?" nikasema. "Nimekuomba unipokee?"

Akasema nina mdomo kama wa babu. Asante.

Nawachukia wote wawili. Daktari zaidi, kwa sababu nilianza kumpenda.

Jumapili, 13 Julai

Sikuenda kanisani. Nilimuuliza Cucu kama anajua Nyaga anataka kumpeleka Meru. "Nyaga anataka vitu vingi tangu anyonye," akasema, akafunga macho. Hakumaliza ugali. Hakunitusi leo hata mara moja. Cucu asiponitusi mimi huwa na wasiwasi.

Harufu imezidi. Nimetoa nailoni ya zamani nikaweka mpya, mbili, moja juu ya nyingine. Nimemlaza nyonga mbaya iangalie ukuta na blanketi mpaka shingoni. Daktari akija Jumatano ataona uso tu. Akipata kosa moja tu, ndiyo watasema kijana ameshindwa, mama aende Meru, chai iuzwe. Hawapati.

Jumatano, 16 Julai



Cucu ameamka moto. Midomo imekauka, anamwita babu, si mimi, babu mwenyewe. Daktari akaja na Mama Wanja. Nikasimama mlangoni kama askari. Nikasema leo hapana, Cucu amelala. Cucu akaugulia mle ndani. Mimi nimezoea sauti zake zote. Hiyo sijawahi kusikia.

Daktari akazima kinasa sauti. Akakiweka kwa mkoba, na kalamu, na karatasi. Akavua saa. Akapita kando yangu kama mimi ni pazia.

"Ulisema hugusi!" nikamwambia. Nilipiga kelele.

"Nilisema," akajibu, huku anakunja mikono ya sweta.

Akapiga magoti kando ya kitanda. Akamuuliza Cucu kwa Kimeru chake cha upole kama anamruhusu kumwangalia. Cucu akasema ndiyo. Akafunua blanketi.

Sitaandika nilichoona. Niliosha pale jana nikiwa nimeangalia pembeni, ndiyo ukweli. Shimo. Kidole kingeingia.

Akavuta nailoni polepole. Ilikuwa imejaa jasho, maji yanateremka kama dirisha la asubuhi. Akanionyesha. Hakunifokea, afadhali angefoka. Akasema nailoni inazuia mkojo kwenda chini lakini inazuia na jasho pia, ngozi inaloa usiku kucha, inalainika kama mkate kwenye chai, inakatika. Ya pili nimeiongeza Jumapili. Kwa mikono yangu. Kwa akili zangu nyingi.

Tukambeba hadi gari la jirani. Mama Wanja mbele, mimi nyuma na kichwa cha Cucu kwa mapaja. Hospitali kubwa ya Embu wakampokea. Wamesafisha, wamempa dawa za sindano. Nje kwenye benchi Daktari alikaa karibu nami. Tope kwa magoti ya suruali yake.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekaa naye leo kwenye hilo benchi tena. Ameniambia mambo.

Alianza kama muuguzi wa wodi kule Meru. Wazee wanatoka wodini wakiwa safi, baada ya muda wanarudi na vidonda vya kulalia. Kule katikati, nyumbani, hakuna aliyejua hutokea nini. Watu wanalaumu familia, basi. Yeye akaenda kusoma tena ili aingie hizo nyumba aone. Sheria ni kwamba haongezi mkono wake, maana akiongeza, anachoona si nyumba tena, ni yeye mwenyewe. Lakini mgonjwa akiwa hatarini anaacha utafiti papo hapo, anakuwa muuguzi.

Kwa hivyo nyumba yetu ameitoa. Haitahesabiwa. Atafute nyingine, aanze nayo mwanzo, na ule uprofesa ungoje. Nikamuuliza kama wakubwa wake watakasirika. Akasema tayari wamekasirika.

Nikamuuliza kuhusu hoteli na Anko Nyaga. Akashangaa. Kumbe siku ya kwanza alisema ataongea na kila mtu wa familia, mmoja mmoja, nje ya nyumba, ndiyo maana ya utafiti wa familia. Na kidole gumba kilikuwa cha kukubali maswali tu. Siku ya viatu.

Halafu akasema, "Na mimi nilikushuku wewe." Alinusa ile Jumatano ya pili. Alidhani namficha Cucu kwa sababu namuumiza. Alikuwa amepanga jana asitoke bila kuona.

Mimi! Namchunguza mwizi kumbe mwizi ananichunguza mimi. Nilitaka kukasirika. Nikatafuta hasira sikuipata. Si nilikuwa namuumiza?

Ijumaa, 25 Julai

Cucu yuko nyumbani. Homa imeisha. Anko Nyaga amekuja na godoro jipya zito kwenye pikipiki ya mizigo, amekaa juu yake kama chifu. Bado simwamini sawasawa. Macho yalipita kwa chai tena. Lakini godoro ni zuri, nimelijaribu.

Tuliketi sote. Anko akasema Meru. Mimi nikasema hapa. Anko akasema nimeua ngozi ya mamake. Nikamwambia yeye aliua nauli ya kuja kumwona. Mama Wanja akasema tunyamaze. Daktari, aliyekuja siku yake ya mapumziko, akasema kuna mtu mmoja hatujamuuliza, na yuko hapo kitandani anasikia.

Tukageuka. Cucu alikuwa anaangalia mabati.

"Siendi Meru," akasema. "Nitakufa hapa, na si leo."

Niliruka. Kweli niliruka, nikampigia Anko kofi la hewa.

"Lakini nataka mwanamke anioshe."

Nikacheka, nikadhani ni utani. Nikasema Cucu, unaniacha, umepata bwana mwingine? Hakucheka.

"Huyu mtoto ni mume wa mdomo," akamwambia Daktari, si mimi. "Tunacheka, ni vizuri. Uchi wangu nilimpa kwa sababu hakukuwa na mtu. Kila asubuhi nafunga macho." Akapumzika. "Hicho kidonda kilikuwa kinaniuma tangu kiwe kidogo. Nilinyamaza. Anajisifu sana kwa watu kwamba ananitunza. Ningelia angejua ameshindwa."

Anko aliangalia viatu vyake. Mimi nikatoka nikaenda kwa ng'ombe wa jirani, nikasimama naye tu.

Nilidhani nalinda Cucu. Cucu ndiye alikuwa ananilinda, na nyonga yake.

Jumatatu, 28 Julai

Sina la kuandika. Nimechuna chai. Nimechuna vibaya, senta wamerudisha nusu.

Jumatano, 30 Julai

Imepangwa. Mama Wanja atakuja asubuhi kumuosha na kufunga kidonda, Anko atamlipa. Mimi nageuza, napika, nalisha, nafua. Daktari alinifundisha kugeuza upya: mto katikati ya magoti, na kuweka kiganja chini ya nyonga kusikia kama panabanwa. Aliniwekea mkono wake juu ya wangu nisikie. Leo ameniaga. Amepata nyumba nyingine upande wa Manyatta, atakuwa huko mpaka mvua za Oktoba. Nilimwambia watu wa Manyatta ni waongo kutushinda. Akasema hakuna wa kunishinda mimi.

Nikampa nduma.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukungu. Mama Wanja amefika mapema, amefunga mlango.

Mimi nimeketi nje kwenye kigogo. Maji yanamwagwa kwenye beseni mle ndani. Sijui mikono niiweke wapi. Nimeikalia.

Wanaongea. Sisikii maneno. Ni mambo ya wanawake, ya zamani, majina ya watu waliokufa kabla sijazaliwa. Cucu amecheka. Si kile kicheko cha kunitania. Ni kingine, cha chini, kirefu. Mwaka mzima nimekaa naye na sikukijua.

Mama Wanja amefungua mlango akamwaga maji kwenye migomba. Kidonda kimepunguka, amesema, nyama inaota nyekundu, nzuri. Nikamuuliza kama naweza kuingia.

"Ngoja avae," akasema.

Nimengoja.